Kwa Nini Ukungu Hula Muhogo Kabla Yetu

Dada yangu Nyanjura aliniachia maneno matatu tu: "Ukungu ukitoka, anika." Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Alinionyesha lundo la muhogo uliomenywa nyuma ya jiko, limefunikwa kwa majani ya mgomba na kugandamizwa kwa mawe, akayasema hayo matatu, akafunga khanga kiunoni na kwenda kuwaalika wajomba zetu ng'ambo ya ghuba.

Mimi ni mpishi. Nalisema mapema ili aibu ikae mahali pake. Kwa miaka ishirini na sita nimepika katika kambi za wajenzi wa barabara na wachimba madini: Lubumbashi, Solwezi, Tete, hadi Salala kule Uarabuni, ambako niliwapikia watu mia tatu wali kwenye sufuria ambayo ungeweza kumwogeshea ndama. Naweza kuomba chumvi kwa lugha saba. Basi Jumatatu asubuhi mpishi huyo akatoka nje na mswaki mdomoni, akakuta ukungu umelala juu ya ziwa na kupanda hadi mlangoni, huoni hata choo. Nikangoja kwa utii. Ilipofika saa tatu jua likapanda na ukungu ukatoka. Nikalifunua lundo, nikaukuta muhogo mweupe, msafi, wa kupigiwa picha, nikaubeba karai kwa karai hadi juu ya jabali la kuanikia na kuutandaza wote. Karai ishirini na mbili. Mgongo uliniuma kwa namna ya kujivunia.

Aliyenikuta pale ni shemeji yangu Nyabise, mke wa mdogo wangu. Alisimama akalitazama jabali kwa muda mrefu.

"Shemeji, nani kakwambia uanike?"

"Dada. Alisema ukungu ukitoka."

"Na umetoka?"

"Si huoni ziwa lote liko wazi?"

Akakaa chini. Alicheka mpaka akaziba mdomo kwa khanga, halafu akaacha ghafla, kwa sababu alikumbuka ule muhogo ulikuwa wa nini.

Kwa asiyekulia kwetu Majita, nieleze. Muhogo wetu mwingi ni ule mchungu, wenye sumu, na anayeula bila kuutengeneza anaweza asiuone mwezi mpya. Tunaumenya, tunaulundika, tunaufunika siku tatu au nne, mpaka unaota ukungu, manyoya meupe kama ya kifaranga. Ukungu huo ndio unaokula sumu. Kisha tunaukwangua, tunaanika, tunatwanga, na huo ndio udaga, unga wa ugali wetu. Kwa hiyo dada aliposema ukungu ukitoka, alimaanisha kutoka kama kifaranga anavyotoka kwenye yai. Mimi nikaelewa kutoka kama mgeni anavyotoka nyumbani kwa watu. Katika kutoka kwa namna hiyo ya pili, nakiri, nina uzoefu mkubwa.

Unga ulikuwa wa Jumamosi, siku ya kumkumbuka mama, mwaka mmoja tangu azikwe. Kwetu siku hiyo watoto wa marehemu hula kwenye sinia moja, mikono yao peke yao, na wengine wote hukaa pembeni. Mimi sikuwepo mama alipozikwa. Nilikuwa Solwezi. Habari ilinifikia siku ya pili, na sababu iliyonizuia kupanda basi ilionekana kubwa wakati ule. Sasa hata siikumbuki vizuri. Tangu nirudi, dada hakuwa ameniambia kama Jumamosi nitakaa kwenye sinia au pembeni na wageni. Nami sikuuliza. Nilichota maji, nikapasua kuni, nikaziba paa la jiko, yote ili nisiulize.

Dada alirudi saa tisa alasiri. Hakufoka. Aliushika muhogo mmoja, akauvunja, akaunusa, akasema tuushushe. Kama tungeurudisha kwenye lundo siku ile ile na kuunyunyizia maji, ukungu ungeweza kutoka kufikia Alhamisi, na jua la Ijumaa lingetusaidia. Kama haungetoka, Jumamosi tungewapa watu ugali wa unga wa dukani kwa heshima ya mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kununua unga.

Wanawake watatu wa jirani wakaja kusaidia. Tukakaa kupanga muhogo upya, mmoja mmoja, huku Nyabise akininyunyizia maji mimi kuliko muhogo. Ndipo akakumbuka faini ya mama. Mama alikuwa na sheria yake: aliyeharibu udaga asimulie kisa cha udaga mwanzo hadi mwisho, wenzake wakipanga, ili asiharibu tena. Nilikuwa sijakisimulia kwa miaka arobaini. Nikamtazama dada. Alikuwa anapanga, hakuinua kichwa, hakukataza.

Basi nikaanza kama mama alivyoanza. "Sogezeni masikio, mikono iendelee." Wakajibu, "Yamesogea."

Kulikuwa na wakati ambapo muhogo wote ulikuwa mtamu. Mtu aling'oa mzizi, akaupangusa udongo kwa kiganja, akautafuna palepale shambani, na jioni ukimwita jina aliitika. Muhogo alikuwa mnene, mpole, na hakuwa na siri mwilini. Jirani yake chini ya ardhi alikuwa Ukungu.

Ukungu hakuwa na mdomo wala meno. Alikula kama anavyokula mpaka leo: anatandaza nyuzi zake juu ya chakula, anatoa visu vidogo visivyoonekana, vinakatakata chakula nje ya mwili wake, kisha anafyonza kilicholainika. Waliosoma huviita vimeng'enya. Mama hakusoma, aliviita visu vya Ukungu, na katika nchi zote nilizopita sijakutana na aliyevipa jina zuri zaidi.

Kila kisu kilikuwa na kazi yake. Cha jani hakikujua gome, cha gome hakikujua mfupa wa panya. Majani ya Muhogo yalipoanguka, Ukungu aliyakata mpaka yakawa udongo mweusi, na Muhogo akanenepa. Naye Muhogo kila jioni alimdondoshea jirani yake tone moja la utamu kutoka kwenye ncha za mizizi. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo. Jioni ilifika, tone likadondoka.

Ukaja mwaka wa mvua mbaya. Maji yalizoa majani yote kabla hayajaoza, na Ukungu akalala njaa wiki nzima. Wiki hiyohiyo jembe la mwanamke mmoja lilimchubua Muhogo ubavuni, ukatoka utomvu. Ukungu akanyoosha uzi mmoja akagusa pale kwenye kidonda. Mama alikuwa anasisitiza hapa: aligusa tu. Wako wanaosema alikula nusu ya mzizi, lakini hao walisimuliwa na upande wa Muhogo.

Muhogo akashtuka. Angeweza kumwuliza jirani yake kama ana njaa. Ni swali fupi, halimchoshi mtu. Hakuuliza. Alijifungia ndani akaanza kufinyanga vyungu, na katika kila chumba cha mwili wake aliweka viwili. Cha kwanza kilikuwa na kitu kama sukari, lakini sukari iliyofungwa na pumzi mbaya ndani yake. Cha pili kilikuwa na kitu kinachojua kufungua. Vikikaa mbalimbali havimdhuru mtu. Lakini jino, au jembe, au uzi ukivunja ukuta, vyungu vinamwagikiana, na kinachotoka hapo kinazima pumzi ya kila chenye pumzi.

Jioni Ukungu akaja. Hakuja kuiba. Alikuja kuchukua tone lake, na alipopita karibu na kidonda akapapasa kidogo, kama mtu anayemshika mgonjwa kumpa pole. Vyungu vikavunjika. Akafa yeye, wakafa wanawe na wajukuu wake waliokuwa wametanda shamba zima. Kesho yake chini ya ardhi kulikuwa kimya. Majani yalianguka, yakalala vilevile yalivyoanguka, na hapakuwa na wa kuyakata.

Hapo nilijifuta macho kwa sababu ya vumbi. Mmoja wa wale majirani akasema kwamba hakuna vumbi, tumemwaga maji ndoo nne. Nikaendelea.

Sasa Ukungu si mmoja. Anazaa kwa kupeperusha poda, na kila chembe ya poda ni mtoto. Watoto wakiwa wengi namna hiyo hawawezi kufanana wote. Katika ukoo wote alikuwepo mmoja aliyezaliwa na kisu kilichopinda. Kilikuwa kisu cha jani kama cha ndugu zake, ila ncha imekwenda upande. Akikata jani, linakatika vibaya. Ndugu zake walimcheka, wakamweka kwenye ukingo wa shamba ambako hapakuwa na chakula cha maana.

Sumu ilipotiririka mpaka ukingoni ikamkuta huko. Visu vya ndugu zake wote viliteleza juu ya sumu hiyo kama wembe juu ya jiwe. Kisu kilichopinda kikanasa. Kikaigawa sumu vipande viwili, kimoja kikapanda hewani na kunuka kama mkojo, kingine akakila. Hakuwa amejifunza popote. Hakuwa shujaa wala hakuwa na akili kuliko wenzake. Alikuwa amepinda tu, na siku hiyo kupinda kwake kulifaa.

Aliyebaki akazaa. Wanawe wengine wakazaliwa na visu vya jani mara mbili, kimoja kimenyooka kwa kazi ya zamani, kingine kimepinda kwa kazi mpya. Hao ndio waliostawi kupita wote. Polepole, nyuzi zikaanza tena kutembea chini ya shamba.

Muhogo akazisikia. Mama alisema siku hiyo Muhogo alifurahi, maana ule ukimya ulikuwa umemchosha kuliko alivyodhani. Alifikiri ni jirani yake wa zamani. Jioni ilipofika, akadondosha tone la utamu, kama zamani, akangoja.

Lakini yule aliyekuja hakumjua. Hakuwa amebaki hata mmoja wa kumwambia tone lile ni la nini. Akalipita, akaenda moja kwa moja kwenye kidonda, akatoa kisu kilichopinda, akaanza kula.

Basi Muhogo akaongeza vyungu. Wengi wa Ukungu wakafa, wakabaki waliopinda zaidi. Akaongeza tena. Wakafa tena, wakabaki wengine wenye visu vikali zaidi. Ikawa hivyo msimu kwa msimu, mpaka hakuna aliyekumbuka kama mwanzo wake ulikuwa mchubuko wa jembe na njaa ya wiki moja. Na sumu ile haikuchagua. Mbuzi aliyekuwa akila majani akaanguka. Panya akahama. Mwanamke aliyezoea kung'oa na kutafuna shambani akampa mwanawe kipande, na jioni alipomwita hakuitika. Baada ya hapo watu wakampita Muhogo kwa mbali, wakiwavuta watoto wao mikono.

Akabaki peke yake, mnene, mchungu, hakuna anayemgusa. Aliyekuwa akimtembelea ni mmoja tu, yuleyule ambaye sumu ilitengenezwa kwa ajili yake. Siku moja Muhogo akamwita, akamwambia, "Tuishi kama zamani. Mimi nitavunja vyungu."

Ukungu akajibu, "Vunja. Lakini mimi visu nitaviweka wapi? Vimeota mwilini."

Muhogo akajaribu kuvivunja, akakuta havivunjiki. Alikuwa amevifinyanga kwa misimu mingi hivi kwamba vyungu ndivyo vilivyokuwa vimeshikilia nyumba. Ni binamu zake wachache tu, wale ambao hawakuwa na majirani wa kuwaogopa sana, waliobaki na vyungu vidogo. Hao ndio muhogo mtamu tunaoupanda karibu na nyumba, kwa ajili ya watoto. Naye Ukungu hakutoka salama. Kwa kushinda na sumu mikononi, baadhi ya wanawe wakajifunza kuipika ya kwao, na wao wana rangi ya kijani au nyeusi, huwezi kuwakaribisha.

Kisha ikaja njaa. Mwanamke yule aliyepoteza mwana alikuwa ameng'oa shamba zima la Muhogo kwa hasira, akaimenya mizizi kama anayemchuna adui ngozi, akailundika, akatupia majani juu, akaiacha ioze. Siku ya nne kuku wake akaenda kuchakura pale. Mwanamke akangoja aanguke. Kuku hakuanguka, wala kesho yake. Akafunua, akaona Ukungu ametanda kila mahali, mweupe, anakula. Akavunja kipande, akanusa, akakigusa kwa ncha ya ulimi, uchungu umekwisha. Akamkwangua Ukungu kwa kisu chake mwenyewe, akaanika, akatwanga, akasonga. Alikula ugali ule akilia, kwa sababu kama angejua hilo mapema angekuwa na mtu wa kula naye.

Na tangu siku hiyo, kwetu sisi, muhogo mchungu haupiti jikoni kabla ya kupita kwa Ukungu. Tunalundika, tunafunika, tunangoja yeye ale kwanza, halafu tunamkwangua na kula kilichobaki. Na ukiona ile mizizi midogo ya muhogo ikitoa unyevunyevu jioni, mama alisema ni lile tone. Bado analidondosha. Hakuna anayelichukua.

Nilipomaliza, lundo lilikuwa limenifika kifuani. Jua lilikuwa bado juu, na muhogo ulikuwa umelowa vizuri. Hakuna aliyesifia kisa changu, ingawa mmoja wa majirani alisema nimeruka sehemu ya bata, na wenzake wakamwambia hakuna sehemu ya bata, bata ni wa kisa kingine.

Nyabise akafuta mikono yake. "Shemeji, mbona umetuacha njiani? Ukungu alimsamehe Muhogo, au hakumsamehe?"

Kwa kawaida mzaha haunikosi. Niliutafuta siku hiyo nikakosa hata mmoja wa kuazima. Nikamwambia kwamba mama hakuwahi kutufikisha hapo, au mimi niliondoka nyumbani kabla hajafika. Labda dada anajua, maana yeye ndiye aliyekaa naye hadi mwisho. Nilisema hivyo nikiuangalia muhogo niliokuwa nimeushika, ambao sasa nilikuwa nimeupangusa mara tatu.

Dada aliuchukua mkononi mwangu, akauweka juu kabisa ya lundo.

"Hakusamehe," akasema. "Alikula. Na wewe Jumamosi utakula, sinia ni moja. Lete majani tufunike."